Malaika wa Simoni huko Wingwi

Niliondoka Unguja kwa sababu ya barua ya mistari minne. Ilikuja mwisho wa Septemba, miaka michache kabla ya uhuru, wakati karafuu zimeiva na kila mwenye mikono yuko Pemba akichuma. Aliyeipokea ni Monika binti Simoni, mama mmoja aliyekuwa akifua na kupiga pasi nguo za altare pale misheni kwetu. Barua iliandikwa na mwalimu wa skuli ya Wingwi kwa niaba ya baba yake. Ilisema Simoni hajiwezi, hata uji haupiti, na ombi lake ni moja tu: Mwalimu Anselmi aje amsomee sala ya kufia, ile ya kuwaita malaika, asije akaondoka peke yake.

Mwalimu Anselmi ndiye mimi. Nimefundisha katekisimu miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri, na katika watu wote waliopita mikononi mwangu, Simoni alikuwa mgumu kupita kiasi. Alikuja kutoka bara kuchuma karafuu, akakaa kwanza Unguja, akataka ubatizo. Amri za Mungu alizichanganya na amri za Kanisa, na sakramenti saba kila siku zilimtoka sita. Ila ukimtajia malaika, macho yake yalifunguka. Hapo alikuwa hasahau kitu. Baada ya kubatizwa alivuka Pemba, akapata pa kukaa kwa wakulima fulani huko Wingwi, asirudi tena ila kwa Pasaka.

Padre wetu alikuwa bara kwa matibabu, na muda wa kumngoja haukuwapo. Monika mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imemvimba, kupanda meli hawezi. Alinishika mkono pale mlangoni pa sakristia.

"Mwalimu, niahidi. Baba asife bila mtu wa kumwombea."

"Nakuahidi," nikasema, tena kwa sauti kubwa, maana mimi kuahidi sijambo.

Jumatano alasiri nikapanda meli ya serikali, na kijisanduku changu chenye kitabu cha sala, mshumaa uliobarikiwa na chupa ya maji ya baraka niliyoifunga kwa kitambaa mara tatu. Bahari ilikuwa shwari. Nilikaa kwenye sitaha nikiipitia ile sala, ingawa naijua kwa moyo, na niseme ukweli, kila nikiisoma nywele zinanisimama. Sisi Wakatoliki tuna bahati kubwa na hatuijui. Tunaanza siku kwa kengele ya Malaika wa Bwana, tukikumbuka jinsi Gabrieli alivyoingia nyumbani kwa binti wa Nazareti na kumsalimu kwa adabu. Katikati ya Misa, kabla ya mageuzo, tunaimba Mtakatifu mara tatu, na Kanisa linatufundisha kwamba wimbo huo hatuuanzi sisi. Tunaudandia tu, malaika wako juu wanauimba tangu hapo. Mtoto akizaliwa anapewa wake wa kumlinda. Mtu akikata roho wanaitwa waje kumpokea, Mikaeli akiwa mbele, ili yule adui asipate upenyo wa kumrukia. Nani mwingine duniani ana wasindikizaji kama hao toka tumboni mpaka kaburini?

Alhamisi asubuhi tukafika Wete. Bandari nzima ilinuka karafuu hata kooni unaisikia. Nikapokewa na Bwana Inasio, Mgoa mnene, mcheshi, karani kwa kazi yake, ambaye nyumba yake ndiyo ilikuwa kanisa la mji ule padre asipokuwapo. Nilitaka kumeza chai tu nikimbilie lori la Konde, ambalo huondoka saa saba.

"Lori!" Bwana Inasio akaruka. "Mwalimu, leo siku gani?"

Nikakumbuka. Ilikuwa sikukuu ya Malaika Mkuu Mikaeli. Akanivuta mpaka sebuleni. Picha ya Mikaeli ilikuwa imewekwa mezani, mkuki mkononi, joka chini ya mguu, imezungushiwa maua ya asumini yaliyotungwa na mkewe. Watu wangekuja saa kumi: Wagoa wenzake, askari polisi wawili watatu kutoka bara, na wachumaji waliopewa ruhusa na matajiri wao. Miezi mitatu hawajasikia neno la Mungu.

"Utuongoze katika sala, utueleze kidogo habari za malaika. Kesho asubuhi unakwenda. Siku moja tu, Mwalimu."

Nikamwambia nina mgonjwa Wingwi. Nikamwambia mara moja, tena kwa sauti ndogo. Msomaji wangu, nakueleza mambo kama yalivyokuwa, sijipambi: nilitaka kubaki. Habari za malaika ndiyo fani yangu, na hadhira ya Wete sikuwahi kuipata.

Saa kumi nyumba ilijaa hadi barazani. Nikaanza. Niliwapitisha makundi yote tisa ya malaika, kutoka Maserafi wanaowaka kwa mapendo mpaka hawa wa chini wanaotulinda. Nikawaeleza jinsi Rafaeli alivyosafiri na Tobia asijulikane, jinsi Petro alivyofunguliwa minyororo gerezani. Nilisema saa nzima na nusu, na hakuna aliyekohoa. Mchumaji mmoja alilia nilipofika kwa malaika aliyemtia Bwana nguvu kule bustanini. Walipokwisha kuniamkia na kunisifu, mke wa Bwana Inasio akaniandalia kamba wa nazi, nikala, nikalala usingizi mzito wa mtu aliyeridhika na nafsi yake.

Ijumaa saa mbili nikapanda lori la Konde, juu ya magunia. Njia ina milima midogo midogo isiyokwisha, na kila kijiji palikuwa na mtu wa kushuka na jamvi lake la karafuu. Tulifika Konde saa tano kasoro. Soko limejaa, maduka yamefunguliwa, na lori la kuendelea Wingwi lipo, limesimama, tupu. Dereva wake, kijana mpole aliyevaa kanzu nyeupe, alikuwa anatawadha.

"Tunaondoka sasa?" nikamuuliza.

"Baada ya Ijumaa, Mwalimu. Sala kwanza, kisha gari."

"Ah! Nina mgonjwa mahututi, bwana!"

"Mungu amponye," akasema kwa dhati kabisa, akaendelea kuosha miguu. "Nawe mwombee, wakati na siye twasali."

Nikapandwa na hasira. Nilimwambia maneno ambayo hayakunipasa, juu ya watu wasiojali roho ya mwenzao, mimi niliyekula kamba usiku uliopita. Nikabeba sanduku langu nikashika njia kwa miguu. Jua la saa sita lilinipiga utosini, viatu vikanikata visigino, na udongo mwekundu wa Konde ukaanza kugeuka mawe makali. Ilipopata saa nane nikasikia mngurumo nyuma yangu. Lilikuwa lori lile lile. Likasimama kando yangu.

"Panda, Mwalimu," akasema yule dereva. Nikapanda nikiwa nimekunja uso, kwa sababu mtu akikutendea wema baada ya kumtukana, pa kuweka uso hapako.

Saa tisa nikafika Wingwi. Nyumba ya wenyeji wa Simoni ilikuwa ya udongo na makuti, uwanja umefagiwa, ng'ombe wawili wamefungwa kando. Bibi mmoja mwenye kanga mbili alinipokea kwenye baraza. Ndiye Bi Time, mke wa Mzee Hamadi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, baba. Weye ndiye Mwalimu Anselmi?"

"Ndiye."

"Ahlan. Kaa kwanza, uko juani tangu lini?"

Akaniletea maji ya kunywa, kisha madafu. Nilijua nini maana yake. Watu hawa hawampi mgeni habari nzito akiwa kasimama, wala koo lake likiwa kavu. Nikanywa.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Simoni kapumzika, baba. Alfajiri hii, adhana yalia."

Nikaliweka lile dafu chini. Nilipiga hesabu ambayo kila mtu angeipiga: lau ningelipanda lori la jana, jana jioni ningekuwa hapa. Usiku kucha ningekuwa hapa. Wakati Simoni anahangaika na pumzi za mwisho, mimi nimelala chali kwa Bwana Inasio, nimeshiba kamba na sifa. Niliwahubiria watu makundi tisa, na yule aliyeniita anamngoja mmoja. Nililia, wala sikuona haya. Nililia mbele ya yule bibi kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

Bi Time akaniacha nilie. Halafu akasema, "Hakuwa peke yake, Mwalimu. Mzee alikuwapo. Na yule mwenziwe alikuwapo."

"Mwenzake yupi?"

"Yule wa kulia." Akanyoosha mkono kwenye baraza, mahali kwenye ukingo wa sakafu palipong'aa kwa kukaliwa. "Simoni alikaa hapo miaka yote. Na hapa kuliani pake hapakaliwi. Akija ntu akitaka kukaa twamwambia, sogea, hapo pana ntu. Hata kwenye sinia ya wali, yeye hula akaacha upande. Mwanzo tulicheka. Kisha tukazoea. Alisema mwalimu wake kamfundisha."

Nilihisi damu inanipanda usoni. Maana ni kweli nilimfundisha, lakini si hivyo! Zamani, darasani, wanafunzi wangu walikuwa wakibanana na kusukumana kwenye benchi, na mimi kwa kuchoka nikawaambia kila mtu aache nafasi kuliani kwake kwa ajili ya malaika wake mlinzi. Ilikuwa hila ya mwalimu kuwafanya watulie. Mimi mwenyewe sijapata kuacha nafasi hata siku moja. Simoni alilichukua neno lile, akavuka nalo bahari, akalikalia miaka minane.

Akanieleza na mengine. Wingwi hapana kengele, na Simoni saa hakuwa nayo. Basi ikiadhiniwa alfajiri, adhuhuri na magharibi, Mzee Hamadi akisimama kwenda msikitini, Simoni naye husimama pale pale alipo, jembe mkononi, akasali Malaika wa Bwana. "Kila ntu na zake," akasema Bi Time, "lakini wakati mmoja."

Mzee Hamadi akarudi tukiwa bado tunaongea. Alikuwa mrefu, mkavu, mikono imejaa vumbi jeupe la mawe. Akanipa mkono, akanipa pole kama anavyopewa ndugu wa marehemu, kisha akakaa, kushoto kwa ile nafasi.

"Siye maiti hatumkalishi," akasema. "Angekuwa wetu keshazikwa kabla ya Ijumaa. Lakini alisema Mwalimu anakuja, basi tumengoja. Tumemwosha, tumemvika nguo zake safi. Msalaba wake umo shingoni, hatukuugusa."

Nikamuuliza alikufaje. Niliogopa jibu, lakini Monika angeniuliza.

"Alikungoja mpaka ulimi ukawa mzito," akasema. "Alfajiri akaniambia, Mzee, Mwalimu hatawahi. Nitajie weye. Nikamwambia, Simoni, nikutajie nini? Akasema, wataje malaika, nami nitaitikia. Nikawaza. Siye hatuwaombi malaika, Mwalimu, twamwomba Mungu peke yake. Lakini kuwataja si dhambi, na hali ya ntu ile nimeiona. Nikasema, Mikaili. Akasema, ndiye. Nikasema, Jibrili. Akasema, ndiye. Akaningoja. Nikamwambia, basi, hao ndio uliokuwa ukiwataja. Akatikisa kichwa, akasema, Rafaeli." Mzee Hamadi akajifuta uso kwa kiganja. "Huyo mie simjui. Kwetu simsikii. Nikaona uzito kumwita nisiyemjua. Lakini ntu akifa humbishii. Nikasema, na Rafaeli. Akacheka kidogo, hivi. Adhana ikaanza, naye akenda zake."

Saa kumi na nusu tulimpeleka Simoni kaburini. Mzee Hamadi hakumzika mbali. Alitoa mahali kwenye mpaka wa shamba lake, pembeni mwa migomba, ambapo yeye mwenyewe hupita kila siku. Majirani wanne walibeba jeneza. Nilipofika ukingoni nikachungulia, nikashangaa. Kaburi lilikuwa pana kupita kiasi.

"Mbona pana hivi, Mzee?"

"La wawili," akajibu, kama jambo lisilohitaji maelezo. "Yeye, na kuliani tumemwachia mwenziwe."

Hapo mwalimu ndani yangu akaamka. Malaika ni roho tupu, hana mwili, halali kaburini. Kazi yake ni kumsindikiza marehemu mbele ya Mungu. Hilo ni somo la kwanza, watoto wa miaka saba wanalijibu. Nikafungua kinywa. "Mzee Hamadi, malaika hana..." Nikaona mitaimbo miwili kwenye lundo. Nikaona vipande vya jiwe, maana ardhi ya Wingwi chini ya shubiri moja ni mwamba mtupu. Nikatazama viganja vya Mzee, malengelenge yamepasuka. Ule upana wa pili, ambao katekisimu yangu haikuuhitaji, walikuwa wameutwanga tangu asubuhi kwa njaa, kabla ya msikiti na baada ya msikiti.

"Malaika hana nini?" akauliza.

"Hana shida," nikasema. "Mmemfanyia vizuri."

Tukamlaza upande wa kushoto. Nikawasha mshumaa, upepo ukauzima, nikauwasha tena, ukauzima, nikaacha. Nikanyunyiza maji ya baraka, nikaisoma ile sala ya kuwaomba malaika wamwongoze mpaka peponi, wamfikishe palipo na raha. Sijapata kuisoma vile maishani mwangu. Sikuwa na wa kumwonyesha ufundi. Wale wanaume walisimama kando, vichwa wameinamisha, kila mmoja akiomba kwa moyo wake anavyojua. Nilipomaliza Mzee Hamadi aliniuliza kama panatakiwa jambo jingine. Nikamwambia hapana, tayari.

Jumamosi asubuhi Bi Time alinifungia mihogo ya kuchoma na samaki mkavu, akanipa na kifurushi cha vitu vya Simoni: rozari, shati, na picha ya ubatizo. Dereva yule yule alikuja kunichukua. Nikamwomba radhi. "Khaa, Mwalimu, hata sikumbuki," akasema, na nina hakika alikuwa anakumbuka. Wete sikulala, nilimsalimu Bwana Inasio mlangoni, nikaenda zangu bandarini.

Melini nilipata wakati wa kufikiri. Nimesoma juu ya malaika maisha yangu yote, nami nawapenda, na sitaacha kuwafundisha. Lakini nilikuwa nawafundisha kama mtu anayesifia mji alioambiwa habari zake. Simoni, aliyeshindwa kukariri sakramenti saba, alikuwa anakaa na wake barazani kila jioni. Hata majirani wasio wa dini yake walijifunza kumpisha. Tangu siku hiyo mimi pia huacha nafasi. Wanaonicheka wacheke.

Jumapili baada ya sala nilimkuta Monika amekaa kwenye kitanda chake cha kamba. Njiani nilikuwa nimetunga maneno laini ya kumwambia. Aliponitazama yakanitoka yote.

"Ulimwahi, Mwalimu?"

"Sikumwahi."

Nikamweleza. Sikuficha Wete, sikuficha kamba, sikuficha ile saa moja na nusu. Aligeuza uso ukutani, na mimi sikuwa na haki ya kumwomba ageuke. Ndipo nikamweleza habari za alfajiri, neno kwa neno, kama Mzee Hamadi alivyonieleza. Nilipofika kwenye lile jina la tatu akageuka.

"Waislamu wanaye Rafaeli?"

"Mzee yule hamjui kabisa."

"Na akamtaja?"

"Akamtaja. Baba yako akacheka, akaenda zake."

Monika akashika tumbo lake kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanamtiririka, hakuyafuta. Usiku ule, akasema, angesali kwa ajili ya baba yake, na kuna mtu mwingine alitaka kumwombea, ila hajapata kumwona wala kumsikia.

"Jina lake nitajie vizuri, Mwalimu, nisilikosee."

"Hamadi," nikasema.

Akalirudia polepole, na tena, mpaka likamkaa mdomoni.